Mguu wa Kulia wa Fundi Cherehani

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, mpima macho alikuwa kwenye gereji nyuma ya nyumba yake, akiitazama injini iliyoning'inia kwa winchi ya mnyororo juu ya gari dogo la mbio, la zamani, la viti viwili. Boneti alishaing'oa na kuiegemeza ukutani. Madigadi alikuwa ameyafunika blanketi kuukuu ili rangi isichubuke. Injini ilikuwa imerudi wiki hiyo kutoka kwa mafundi mitambo, imefunguliwa yote na kufungwa upya, pistoni mpya, beringi mpya, inang'aa utadhani bwana harusi. Kilichobaki ni kuishusha mahali pake, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja ashike mnyororo, mwingine aisukume injini mpaka shafti ya giaboksi iingie kwenye klachi. Mpima macho alikuwa peke yake. Alikuwa mbishi kidogo, na tena alikuwa na sababu zake za kutotaka mtu karibu na kazi hiyo.

Mke wake akachungulia kutoka mlango wa jikoni, mikono ina povu la sabuni.

"Kuna mguu getini," alisema.

"Mguu wa nani?"

"Wa shemeji. Ule wa kulia."

Mpima macho alijifuta mikono kwa kitambaa. "Mwambie uzungukie huku nyuma. Sebuleni si umetoka kupiga deki sasa hivi?"

Mguu ukazungukia nyuma. Ulikuja ukirukaruka kwenye kokoto, taratibu, maana mguu mmoja hauna mwenzake wa kupokezana naye. Hospitali walikuwa wameukata juu ya goti, na tangu siku ile hakuna aliyeuliza ulipelekwa wapi. Ulikuwa umevaa kiatu kile kile cha kahawia cha kamba, soksi ya kijivu, na kipande cha suruali ambacho mwenyewe fundi cherehani, mdogo wake mpima macho, alijishonea. Ulikuwa umekonda kidogo, kama mtu aliyetoka safari ya mbali, lakini kiatu kilikuwa kimepigwa brashi.

"Karibu," mpima macho alisema, kwa kuwa mgeni akifika hukaribishwa.

Akashika mnyororo, akaanza kuteremsha. Mguu ukaruka juu ya bampa, ukaweka soli ubavuni mwa injini, ukasukuma. Injini ikayumba, ikarudi, ikayumba tena. Walihangaika hivyo kitambo kizuri, jasho likimtiririka mmoja wao, mpaka shafti ikaona njia ikaingia, na injini ikakaa juu ya mipira yake miwili ya kuibeba, mmoja kushoto na mwingine kulia. Mguu ulikuwa msaidizi mzuri. Haukuwa na maneno mengi.

Sasa, gari lile ndugu hao wawili walilinunua likiwa chuma chakavu, enzi za ujana wao, wakaliunga bolti kwa bolti. Na walikuwa na utaratibu wao ambao hawakuwahi kumfundisha mtu. Bolti ikishakazwa mara ya mwisho, aliyeikaza huichora mstari mwekundu, kuanzia kwenye kichwa chake mpaka kwenye chuma cha jirani, kwa rangi ya kucha. Rangi ya kucha hukauka upesi na oili haiitoi kirahisi. Bolti yenye rangi haiguswi tena. Kuirudia kwa spana bolti ambayo mwenzako ameipaka rangi ilikuwa sawa na kumwambia usoni kwamba ni mwongo, na ndugu hao hawakuwa watu wa kuambiana hivyo.

Mara ya kwanza walipofunga injini, chupa ya rangi ilikuwa ya mke wa mpima macho. Siku hiyo alikuwa anakwenda harusini, akaja kusimama mlangoni mwa gereji akiwa amepaka kucha za mkono mmoja tu. Alisema gari la kumchukua limeshafika na yeye hawezi kwenda harusini na mkono mmoja mtupu. Mpima macho akamwambia subiri kidogo. Akapita haraka haraka akipaka rangi bolti zote, zilizokazwa na ambazo bado, akijiambia kwamba hizo ambazo bado atazikaza baadaye. Na kweli alizikaza. Ila moja, ya mpira wa kushoto, akawa ameinamia kuifikia pale mteja alipobisha hodi na miwani iliyovunjika mkono. Aliporudi, aliona rangi kila mahali, akadhani amemaliza.

Jioni mdogo wake alikuja na tochi, akamulika mistari yote myekundu, mmoja mmoja, akafunga boneti. Asubuhi yake akapewa heshima ya kuliendesha kwanza. Kwenye kona ya mashine ya kusaga injini ikanyanyuka upande wa kushoto, ikavuta waya wa mafuta, na gari likaongeza mwendo lenyewe mpaka ukutani.

Fundi cherehani alipozinduka kitandani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kaka, nisamehe. Mguu wangu mzito. Nimekuharibia gari."

Mpima macho alifungua mdomo aseme si hivyo. Lakini yeye alikuwa ameshalitazama gari asubuhi ile ile. Alikuwa ameishika bolti ile, ikazunguka kwa vidole viwili, nyekundu hivyo hivyo, akaifuta rangi kwa petroli na kuichanganya na nyingine kwenye kopo. Kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Yameisha, mdogo wangu. Wewe pona tu."

Tangu hapo mdogo aliomba radhi, mkubwa akasamehe. Kwenye sikukuu, kwenye misiba, hata katikati ya chakula, fundi cherehani angeweka kijiko chini na kusema kaka, mimi kwako bado nina deni la ile siku, na mpima macho angesema acha hizo, kula. Watu wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Sifa hizo zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na hakuutema wala hakuumeza. Aliona haya mbele ya mdogo wake kila alipomwona akipanda ngazi, akaamua kulifufua gari, akidhani pengine injini ikirudi mahali pake na yeye atapumua. Mdogo wake aliposikia habari hiyo alilia. Alisema hajapata kuona mtu anayetengenezewa kitu alichokivunja yeye mwenyewe.

Basi pale gerejini mpima macho akaanza kukaza. Alipofika kwenye bolti ya mpira wa kushoto, mguu ulishuka kwenye bampa, ukaja ukaweka ncha ya kiatu juu yake. Akausogeza kwa adabu, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akachora mstari wake mwekundu. Mguu ukarudi pale pale.

"Nimekaza," alisema.

Mguu haukutoka.

"Nakwambia hii nimekaza."

Haukutoka.

"Najua," mpima macho alisema kwa sauti ya chini, na akajisikia vibaya mno, akakaa juu ya tairi la akiba.

Mke wake alitoka na chai. Akatazama kiatu kilipokuwa, akatazama chupa ya rangi ya kucha, akamtazama mume wake. Hakuwa mjinga, wala yeye harusi ile hakuisahau.

"Ni hapo?" aliuliza.

"Ni hapo."

"Na mimi nilikusimamia mlangoni na kucha zangu."

"Wewe huna kosa."

"Sijasema ninalo. Mwambie shemeji."

"Nitamwambia injini ikiwaka. Afurahi kwanza."

"Iwake isiwake, mwambie," alisema, akaweka kikombe kwenye boksi la spana na kurudi jikoni. Baadaye kidogo akaleta kiti kidogo cha plastiki kwa ajili ya mguu, maana kusimama muda wote kunachosha.

Fundi cherehani alifika kwa magongo yake alipofunga duka, futikamba ingali shingoni. Akausalimu mguu kwa kuutikisia kichwa.

"Kumbe uko huku," aliuambia. "Mimi usiku unaniwasha nikadhani ni hali ya hewa."

Akaizunguka injini, akaisifia, akapitisha kidole kwenye rangi yake. Kwenye mstari wa mpira wa kushoto alitabasamu tu akapita. Halafu akaketi kwenye kiti cha plastiki, mguu wake ukiwa mbele yake, na uso ukambadilika.

"Wewe ndiwe uliyetuponza," aliuambia. "Mwenzako wa kushoto hajawahi kunitia aibu. Wewe nakuambia breki, unakanyaga mafuta. Kaka wa watu anahangaika mpaka leo, mgongo unamuuma, kwa ajili yako. Na umekuja bila hata kuomba radhi."

Mguu ukarudi nyuma. Ukarukaruka mpaka ukutani, ukasimama na kiatu kikiwa kimeelekea kwenye matofali, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Usiuseme hivyo," mpima macho alisema.

"Kaka, wewe huruma zako zimezidi. Sasa unauhurumia mpaka mguu."

"Haukukosa."

"Kama haukukosa wenyewe, basi nilikosa mimi. Sawa tu." Akavua futikamba shingoni. "Haya, njoo hapa nikupime. Huwezi kukaa mbele ya shemeji na suruali nusu."

Mguu ukaja, ukapimwa, na mpima macho akapata kisingizio cha kuingia chini ya gari kufunga bomba la moshi, ingawa bomba lilishafungwa. Alilala pale chini akisikiliza mdogo wake akiuchokoza mguu kwamba umepungua unene, unataka kuonekana kijana. Alitamani sana kutoka na kusema. Alikaa pale mpaka mdogo wake akaaga.

Kesho yake waliweka maji, wakaweka oili, wakaunganisha betri. Fundi cherehani alikuja na suruali mpya ya buluu, na kipande cha mguu kikiwa cha kitambaa hicho hicho, mshono umenyooka. Mguu ulikivaa. Akaketi kwenye usukani, na mguu ukaruka ndani ukakaa upande wake, bila kushikana naye. Kati yao ilibaki nafasi ya kupitisha kiganja. Wa kushoto ukashika klachi, wa kulia ukaenda kwenye mafuta.

Akawasha. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Ilinguruma vizuri, mlio mmoja, bila kugonga. Mke wa mpima macho alitoka akasimama kizingitini mikono kifuani, akamtazama mume wake bila kupepesa. Mpima macho akamwelewa. Akapanda kiti cha abiria na kufunga mlango.

Walitoka getini. Majirani waliokuwa wakifagia walipunga mikono, na mmoja akasema hongera kwa mguu. Fundi cherehani alikuwa akicheka peke yake, upepo unampiga usoni, anabadilisha gia kama mtu ambaye hakuwahi kushuka kwenye gari lile. Walipoiacha mitaa ya nyumba, kicheko kikaisha.

"Unajua kinachoniumiza, kaka?" alisema. "Si kukatwa. Kukatwa nimezoea. Ni kwamba siku ile nilihisi nakanyaga breki. Naapa, niliihisi chini ya soli. Sasa mtu anahisi anakanyaga breki, kumbe anakanyaga mafuta, huyo ni mzima? Tangu siku hiyo sijiamini. Nikikata kitambaa cha mteja napima mara tatu. Nikifunga duka narudi kujaribu kufuli. Mke wangu nilimrudisha kwao kwa sababu hiyo, wewe hujui. Nilisema mtu kama mimi asipewe mtoto ashike."

Mpima macho hakuwa amelijua hilo. Walikuwa wamesema tu kwamba ndoa ilishindikana. Akashika ukingo wa mlango. Maneno aliyotakiwa kusema yalikuwa machache na alikuwa ameyapanga usiku kucha: nilipaka rangi kabla ya kukaza. Yalipanda yakafika kwenye meno. Na pamoja nayo akaona yatakayofuata, na shemeji yake aliyerudishwa kwao, na uso wa mdogo wake ukigeuka kumtazama.

"Lakini wewe hukunilaumu hata siku moja," fundi cherehani alisema, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Bila wewe ningekwishajimaliza. Nakwambia ukweli."

Mbele ilitokea mashine ya kusaga, na kona yake, na ukuta uliokwishajengwa upya kwa tofali za rangi nyingine.

"Safari hii," mpima macho alisema, "kona hiyo usiiendee mbio."

"Ndiyo, kaka."

Mguu ulikuwa umeshatoka kwenye mafuta kabla hajamaliza kusema. Ulihamia kwenye breki, ukakanyaga kama ulivyokanyaga siku ile, kwa wakati ule ule, kwa uzito ule ule. Gari likapunguza mwendo, likaikata kona pole pole mpaka mtu wa baiskeli akawapita. Fundi cherehani akashusha pumzi, akaupigapiga mguu juu ya goti.

"Umeona?" aliuambia. "Kumbe ukitaka unaweza."