Chaji ya Ijumaa

Simu ilipozimika, Mhina aliendelea kuishikilia sikioni kwa muda, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa. Alikuwa amesimama juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti alichokijenga katikati ya mahindi ili aone nyani wanakotokea, na jua lilikuwa limeanza kuzama porini. Neno la mwisho alilolisikia kutoka Vugiri lilikuwa “lakini”.

“Baba Maryamu,” mkewe alikuwa amesema, “mtoto wetu amejifungua mchana huu, lakini—”

Kikalia kile kimlio chembamba cha kuaga, kioo kikawa cheusi.

Alibonyeza kitufe. Alitoa betri, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Kioo hakikushtuka. Mara mbili kabla ya hapo Maryamu alikuwa amejifungua, na mara zote mbili habari ilikuja na lakini yake. Kaburi moja lilikuwa Vugiri, jingine kijijini kwao Misima, nyuma ya nyumba, dogo kiasi kwamba mgeni angelidhani ni tuta la viazi.

Ndiyo maana safari hii mama mtu alipanda milimani Vugiri mapema, mimba ikiwa ya miezi saba, akamwacha mumewe na ekari tatu za mahindi yaliyofika magotini. Mkwe wao, mwalimu wa shule ya msingi huko juu, aliwapa simu mbili zilizotumika: moja ya mama, moja ya baba. Ilikuwa mwaka ule ambao minara ya simu ilianza kuchomoza juu ya vilima vya Korogwe na Handeni, na watu wazima wakajifunza kubipu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na umeme. Dungu la Mhina lilikuwa na tochi.

Kwa hiyo wakawekeana utaratibu. Kila siku saa kumi na moja jioni Mhina aliwasha simu, mkewe akapiga, wakazungumza kidogo, simu ikazimwa na kurudishwa ndani ya kopo lake. Ijumaa alipokwenda kuswali Misima aliiacha kwa Athuman, mwenye mashine ya kusaga, ikale chaji ya kumfikisha Ijumaa nyingine. Siku hiyo Hiza, jirani wa shamba la pili, alimlindia mahindi. Jumamosi, siku ya gulio, Mhina alimlindia Hiza. Siku nyingine kila mtu alikuwa na nyani wake wa kumtosha.

Jambo ambalo Mhina hakumwambia mtu ni kwamba alikuwa ameanza kuingoja saa kumi na moja tangu asubuhi. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minne, na maneno yao yalikuwa ya kazi: chumvi imekwisha, mbuzi amekata kamba, mvua hiyo, anua. Ndani ya nyumba sauti ya mkewe ilichanganyika na moshi, na kuku, na mwiko sufuriani. Simuni ilikuja peke yake. Ilimweleza ukungu wa Vugiri, unaoingia jikoni bila kupiga hodi. Ilimweleza baridi inayomfanya alale na soksi za mkwewe. Mhina alijibu “ehe”, na “kumbe”, na simu ilipozimwa alibaki dunguni akiwa na mambo kumi ya kusema, yote mazuri, yote yamechelewa.

Jumatatu mkewe alisema uchungu umeanza. Usiku ule Mhina hakuizima simu. Aliilaza kifuani, ikala karibu chaji yake yote bure ikitafuta mtandao gizani. Kosa lilikuwa lake, na alilijua.

Sasa ilikuwa Jumatano alfajiri. Hakuwa amelala. Alizitoa betri za tochi, akazipanga ndani ya pande la mwanzi uliopasuliwa, akazibana kwa mpira wa baiskeli na kuunganisha nyaya mbili, kama alivyowaona vijana wakifanya. Simu iliwaka. Ikaonyesha picha yake ya salamu, ikafikiri, ikazimika. Akaibembeleza mara ya pili. Safari hii haikuonyesha hata salamu.

Alitazama mahindi. Punje zake zilikuwa laini, bado za maziwa, siku zile nyani anapoyapenda kuliko roho yake. Upande wa pori mti mmoja ulitikisika pasipo upepo. Kwenda Misima ni mwendo wa saa moja na nusu, na kurudi vilevile.

Alishuka ngazi, akavaa kandambili, akaondoka.

Mashine ya Athuman zamani ilikuwa ya kijiji. Ilipouzwa kwa mtu binafsi ilianza kusaga kila siku, mradi dizeli iwepo. Siku ile haikuwepo.

“Shikamoo, mzee,” Athuman alisema. “Nimeagiza dumu Handeni, litafika na gari la saa sita.”

“Marahaba. Hakuna njia nyingine?”

“Ingekuwepo ningekuwa nasaga.”

Mhina akaketi kwenye benchi pamoja na kina mama waliokuja na ndoo zao. Walimwamkia, wakamuuliza habari za bintiye, akajibu kwamba ni nzuri, maana hilo ndilo jibu la swali lile. Moyoni alikuwa akiliweka neno moja mbele ya mambo yote mabaya aliyoyajua. Lakini hakulia. Lakini damu. Lakini Maryamu. Alijaribu kuliweka mbele ya jambo jema akakuta mikono ya fikra zake haifiki huko.

Dizeli ilifika saa saba. Mashine iliponguruma, Athuman aliichomeka simu ukutani nyuma ya kinu, mahali penye waya mfupi kiasi kwamba Mhina alilazimika kuinama, sikio karibu na tofali, mgongo kwa kina mama. Akabipu. Haikupita dakika mkewe akapiga.

“Lakini nini?” Mhina aliuliza.

“Hata salamu?”

“Jana ulisema amejifungua, lakini. Simu ikakata.”

Mkewe akasema taratibu, “Nilisema lakini ni msichana. Wewe uliomba wa kiume. Pole, baba. Umekaa na neno hilo tangu jana?”

Mhina aliegemeza paji la uso kwenye tofali. Unga ulikuwa ukimwangukia kichwani.

“Mzima?”

“Mzima. Anawaamsha hadi majirani. Mwenye taabu ni mama yake. Damu ilimtoka nyingi, hata kukaa anasaidiwa. Nataka nibaki, baba Maryamu, mpaka mtoto atambae. Najua mavuno ni mwezi ujao na uko peke yako. Ukisema nirudi, nitarudi.”

Njia nzima, katikati ya kuomba dua, alikuwa ameahidiana na nafsi yake kwamba akimpata simuni atamwambia rudi. Mpaka mtoto atambae: akahesabu, ikamfikisha mwaka mwingine. Aliiona nyumba yao na mlango wake uliofungwa kwa kamba.

“Kaa,” akasema.

“Sikusikii.”

“Kaa!” Ilimbidi apaaze sauti, na kina mama wakageuka. “Kaa huko, mama. Mpaka atambae.”

“Hiyo mashine ni ya Athuman,” mkewe alisema. “Uko Misima. Leo si Ijumaa. Shamba umemwachia nani?”

“Nyani.”

Akacheka. Mhina hakukumbuka ni lini alikisikia kicheko kile mara ya mwisho. Kilianzia chini, kikapanda, kikaishia kwenye kitu kinachofanana na kupiga chafya. Alikisikiliza mpaka kikaisha, akiwa ameinama vilevile, na asingejali kama waya ungekuwa mfupi zaidi ya hapo.

Alifika shambani alasiri. Walikuwa wamekuja kweli, tena kwa ukoo mzima. Mabua yalilala kama mkeka uliokunjuliwa vibaya. Mahindi yalikuwa yameng'atwa mara moja na kutupwa, mengine yameburutwa hadi ukingoni mwa pori. Akapita kila mstari akiokota yale yanayofaa, akiyarundika chini ya dungu. Jua lilipoteremka akawasha simu, na ikalia kabla hajaketi.

“Wamekula wapi?” mkewe aliuliza.

“Upande wa mto. Na katikati kidogo.”

“Niambie vizuri. Mimi ndiye niliyefukia mbegu, kila mstari naujua.”

Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, kitoto kilikuwa kikilia. Mhina akaigeukia mistari iliyovunjika, akakohoa kidogo kusafisha koo.

“Mashavu,” alianza, na jina hilo, alilokuwa hajalitamka tangu Maryamu azaliwe, lilimshangaza mdomoni kama punje ya chumvi. “Ule mstari wa kwanza, wa kando ya mkwaju, wameuacha. Wa pili wamekula nusu. Wa tatu…”

“Ehe,” Mashavu aliitikia. “Wa tatu?”