Chupa ya Watoto Kumi

Mimi ni fundi wa mawe, na watu wa upande wetu wa Ruring'u wananijua kwa mambo mawili: nyundo yangu na mdomo wangu. Shule niliachia darasa la nne, lakini nikisimama kwa baraza hata chifu huweka kalamu chini. Wakubwa hawapendi kuulizwa maswali na mtu wa vumbi. Mke wangu Kabura alifia kwa benchi la hospitali mwaka wa tisini na tano, akingoja daktari ambaye ati alikuwa kwa mkutano. Tangu siku hiyo adabu yangu kwao iliisha, na sijaitafuta.

Niko na mtoto mmoja, Wachuka. Amebeba jina la mama yangu, ndiyo maana namwita Mama. Januari ya mwaka wa tisini na saba alikuwa na miaka minane na hakuwa amesema neno hata moja. Hakuangalii usoni. Kelele zikizidi anaziba masikio na kuimba wimbo wake mmoja usio na maneno. Lakini ukimkalisha kwa lundo la mawe na nyundo ndogo, kazi inaendelea. Nilimfundisha miezi mitatu. Anagonga jiwe, anasikiliza, lenye ufa analisukuma kando.

Kilichomnyamazisha nilikijua. Ilikuwa Julai mwaka wa themanini na tisa, mtoto akiwa na miezi tisa. Mimi nilikuwa Kiganjo, najenga nyumba ya mtu, narudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mtu wa kwetu alikuja kazini akaniambia, "Wachuka amedungwa sindano ya surua. Amelia usiku kucha, paja limefura hivi." Niliporudi nikamwita mtoto, hakugeuka. Nikapiga makofi, hakunitazama. Nikamfokea Kabura: mmempeleka kwa sindano ya serikali, mmeniharibia mtoto! Kabura akafungua mdomo aseme kitu. Nikamkatiza. Kwa nyumba yetu msemaji nilikuwa mimi.

Habari hiyo niliibeba miaka saba. Niliisema kwa baraza, kwa matanga, kwa foleni ya maji. Kampeni ya matone ya polio ilipopita mwaka wa tisini na sita, nyumba kumi na moja za kijiji chetu zilifunga milango kwa sababu yangu, Ndungu fundi. Nilijivunia jambo hilo, sitadanganya.

Basi Jumatatu moja mwalimu Monicah akaja kwangu. Yeye ndiye alifungua darasa la watoto kama wangu katika shule ya msingi ya Ruring'u, baada ya kupiga kelele ofisi za elimu mpaka wakampa chumba kilichokuwa cha majembe. Alimwangalia Wachuka akigonga mawe.

"Fundi, huyu mtoto hana wazimu na hajalogwa," alisema. "Hali hii inaitwa otizimu. Akili yake inasikia dunia kwa njia yake. Anaweza kufundishwa."

"Nimemfundisha tayari."

"Nimeona. Nataka kuendelea pale ulipofika. Nina nafasi moja imebaki, na mkaguzi wa elimu anafunga orodha Ijumaa. Ikifungwa, ni mpaka mwaka ujao, na sijui kama mwaka ujao hicho chumba wataniachia."

 Miaka minane hakuna mtu alikuwa amekuja kumtaka mtoto wangu.

"Kitu kimoja tu," akasema. "Watoto wangu wengine wako na vifua vibaya. Surua ikiingia kwa hicho chumba, nitazika. Lete kadi ya kliniki. Sindano ambayo hakudungwa, adungwe kabla ya Ijumaa."

"Mwalimu, hiyo sindano ya surua ndiyo ilimmaliza!"

"Fundi, mtoto hudungwa hiyo sindano akiwa na miezi tisa. Na ndio umri mzazi anaanza kumwita mtoto akitaka ajibu. Sindano na kimya mnaviona mwezi mmoja, mnasema kimoja kimezaa kingine. Kwani kadi yake inasema nini?"

"Kadi inasema kile nimekwambia."

"Umeisoma?"

Sikuwa nimeisoma. Kadi ilikuwa kwa sanduku la Kabura, na sanduku la Kabura sikuwa nimelifungua tangu tumzike.

Nililifungua jioni hiyo. Kadi ilikuwa imefungwa kwa leso yake ya kanisa. Mihuri ilikuwa imepangwa vizuri, ya kifua kikuu, ya polio, ya kifaduro. Nikatafuta mstari wa surua kwa kidole. Hapakuwa na muhuri. Palikuwa na maneno mawili ya penseli, mwandiko wa nesi, mara mbili, tarehe mbili tofauti za Agosti: "Wachache. Rudi."

Nilikaa chini. Kama hakudungwa, yule aliyelia usiku kucha alikuwa nani?

Nikavuka ua kwenda kwa ndugu yangu Gicheru. Mke wake Watiri alikuwa anamenya viazi, na binti yao karibu naye anahesabu maganda kwa sauti. Huyo binti naye ni Wachuka. Ndugu wawili, mama mmoja, kila mmoja wetu akampa binti wa kwanza jina la mama, kama mila yetu inavyotaka. Wamepishana wiki tatu tu.

"Shemeji," nikasema, "mwaka wa themanini na tisa, Wachuka yupi alidungwa sindano ya surua akafura paja?"

Watiri alicheka mpaka kisu kikaanguka. "Si ni huyu wangu! Nilienda Jumanne, siku ya soko, tulikuwa kina mama wengi. Kabura alikuwa amebaki kuchuma kahawa. Huyu alilia siku moja, ya pili akaanza kubwabwaja, na mpaka leo hajanyamaza."

"Baba mkubwa," yule binti akadakia, "ni kweli unaweza kuvunja jiwe kwa kichwa? Mwalimu wetu alisema kichwa yako ni ngumu kuliko mawe. Na kwa nini unashika kadi kama mtu amefiwa?"

 Nilikuwa namtazama mdomo. Aliyedungwa alikuwa huyu anayeongea kama redio ya kinyozi. Wangu hakudungwa kamwe, na bado hakusema.

"Kabura alitaka kukuambia," Watiri akasema, sasa bila kucheka. "Alisema huskizi."

Asubuhi nilimshika Wachuka wangu mkono tukaenda dispensari. Nilikuwa nimekata shauri. Nesi, Kagwiria, mwanamke mnene kutoka Meru, aliisoma kadi, akatazama benchi. Tulikuwa sisi wawili tu.

"Sindano iko, lakini leo sifungui," akasema. "Chupa moja ni ya watoto kumi. Nikishaifungua, inayobaki jioni naimwaga. Nikimfungulia mtoto mmoja chupa nzima, nitaandika barua mpaka nistaafu. Leta watoto wafike sita."

"Sista, hii 'rudi' ndiyo mlimwambia mke wangu mara mbili!"

"Si mimi, fundi. Ndiyo sheria tulipewa."

"Sheria ya nani? Ya mtu amekaa Nairobi kwa kiti cha kuzunguka, hajawahi kupanda mlima na mtoto mgongoni! Kwa nini hawakutengeneza chupa ya mtoto mmoja?"

"Ukimpata, muulize na mimi nisikie. Ama nenda hospitali kubwa ya mjini."

"Huko siendi. Nilitoka huko na jeneza."

Alinitazama vizuri, sauti ikashuka. "Alhamisi ndiyo siku ya watoto. Lakini kutoka kijiji chenu hawaji siku hizi. Kuna mtu huwa anawatisha."

"Ni mimi," nikamwambia.

Jumatano sikushika nyundo. Nilivaa koti la kanisa, nikaweka kadi mfukoni, nikamshika Mama, binti yangu, mkono, nikaanza na nyumba ya kwanza kati ya zile kumi na moja. Ningeweza kuwadanganya kwamba dawa ni mpya. Sikutaka. Mtu akijenga ukuta umepinda, anaubomoa mwenyewe, mchana, watu wakiona.

Mama Peterson alinipokea mlangoni na ndoo mkononi. "Haiya! Fundi amekuja kutuuzia sindano! Serikali imekununua na nini, sukari?"

"Serikali siipendi leo kuliko jana," nikasema. "Angalia kadi. Wachuka wangu hakudungwa. Nilisema uongo nikidhani ni kweli. Aliyedungwa ni yule wa Gicheru."

"Yule kasuku?"

"Yeye."

Aliangalia kadi, akamwangalia Mama, ambaye alikuwa anagonga nguzo ya lango kwa kijiwe chake na kusikiliza. "Sasa ni nini kilimfanya hivi?"

"Mwalimu anasema alizaliwa hivyo. Mambo mengine hata madaktari bado wanatafuta. Lakini hii sindano si mwizi. Mimi ndiye nilimshitaki bila shahidi."

"Miaka saba umetuhubiria!"

"Na leo nahubiri tena. Peterson wako ana mwaka mmoja na nusu. Mlete kesho."

Wawili walinifungia mlango. Mmoja aliniita Yuda, nikamwambia Yuda hakurudi kugonga milango. Nyumba ya tisa walinipa chai. Nilieleza mara kumi na moja, na kila mara ilikuwa rahisi kidogo, kwa sababu kitu cha kweli hakihitaji sauti kubwa.

Alhamisi saa tatu nilifika dispensari nikiwa na kina mama saba na watoto tisa, wangu wa kumi. Kagwiria alitoka mlangoni, akahesabu kwa kidole, akarudia.

"Fungua chupa, sista," nikasema.

Watoto walipoanza kulia, Mama aliziba masikio akaanza wimbo wake. Nikamwambia Kagwiria huyu hawezi kungoja ndani ya kelele. Sikuomba, nilimweleza tu. Kagwiria alitoka na sindano mpaka nyuma ya jengo, kwenye kimya. Nilimpa Mama jiwe la mto, zuri, lisilo na ufa. Aligonga, akasikiliza, na mkono ulipodungwa akatoa sauti moja fupi, akagonga tena. Muhuri ukapigwa juu ya maneno ya penseli. Nikamwambia Kagwiria asiyafute hata kama angeweza. Kabura alipanda huo mlima mara mbili, na hayo ndiyo maandishi pekee yanayosema hivyo.

Safari hii halikuwa paja, ulikuwa mkono, na ulifura kidogo. Usiku alilala.

Ijumaa asubuhi mwalimu Monicah aliandika jina lake mwisho wa orodha, kabla mkaguzi hajashuka kwa gari lake. Wakati huohuo mtu akagonga kengele ya shule, chuma cha gurudumu kilichoning'inia nje ya dirisha la darasa lao. Mama alianguka chini, mikono masikioni.

Mkaguzi akakunja uso. "Kama hawezi kengele, ataweza shule?"

"Kengele ni ya kuita watoto, bwana, si ya kuwafukuza," nikasema. "Hiyo itahama."

"Nani ataihamisha?"

Nilivua koti la kanisa. Nyundo ilikuwa kwa mfuko, siiachi nyumbani. Saa nne kengele ilikuwa inaning'inia upande wa pili wa shule, karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo wakubwa wataisikia vizuri. Niliporudi, mkaguzi alikuwa ameenda na orodha, jina likiwa ndani. Mama alikuwa amekaa kwa dawati lake, mwalimu Monicah amempangia vijiti vya kuhesabu mbele yake. Alikuwa anavigonga kimoja kimoja mezani, akisikiliza.