Msikilizaji Mmoja

Mganga hajigangi, walisema waliotutangulia, na lau wangemjua Kitasa wangeongeza: wala mtoto wa fundi funguo hana ufunguo. Baba yake alikuwa amechonga funguo za nusu ya mji, za maduka, za maghala, za vyumba vya watu wasioaminiana. Lakini binti yake wa kwanza, kila jioni, alikuwa nje ya mlango wao wenyewe anagonga.

"Hodi! Baba, nifungulie, nimesahau ufunguo tena."

Na ufunguo wenyewe ulikuwa palepale karakanani, mbele ya nyumba, umening'inia kwenye msumari, umefungwa utepe mwekundu ili usisahaulike. Hapajawahi kuwa na ufunguo uliokumbushwa vile ukasahauliwa vile.

"Nakuja," baba mtu alikuwa akijibu, ndala zikiburuzika sakafuni. "Jina Kitasa, kichwani hamna hata komeo."

Sasa Kitasa hayupo. Homa iliyoanza kama mzaha, hata yeye mwenyewe akaitania kwamba imekosea anwani, ilimbeba kabla wenzake hawajamaliza kucheka. Aliacha viatu vingi kuliko safari alizokwenda, na wimbo mmoja.

Wimbo huo mmoja ndio uliomnyima usingizi mdogo wake, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku kwa sababu akiamka anaongea, akilala anaongea, na katikati ya hapo anajibu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na sasa alimsaidia baba yake karakanani, kusaidia kwenyewe kukiwa na maana ya kuwaburudisha wateja huku mzee akifanya kazi. Ni yeye aliyeachiwa akaunti ya dada yake, ule ukurasa ambamo msanii anaona wimbo wake unavyosikilizwa. Alikabidhiwa pale hospitalini, Kitasa akiwa bado na nguvu za kucheka.

"Neno la siri ni lipi?" Kasuku aliuliza.

"Nimesahau."

"Dada, acha utani. Umesahau kweli?"

"Sijasahau, we zoba. Ndilo lenyewe. Andika: nimesahau."

Walicheka mpaka nesi akaja kuwatuliza.

Mara ya kwanza kuifungua akaunti ile baada ya mazishi, alikuta jedwali la miji. Mji wao ulikuwa juu kabisa: 214. Alitoka mbio hadi jikoni, akakaribia kupindua sufuria.

"Mama! Watu mia mbili na kumi na nne humu humu mjini wamemsikiliza dada mwezi huu!"

Mama yake aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akashika kitambaa, akajifuta macho, akacheka, akajifuta tena. "Mia mbili," alisema. "Mazikoni hawakufika hata mia."

Kasuku hakutosheka na furaha ya jikoni. Akaenda studio kwa Kinanda, aliyemrekodi Kitasa. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye trei za mayai kutani na godoro mlangoni la kuzuia kelele za gereji ya jirani. Kinanda aliichukua simu, akaisoma, akakuna kidevu.

"Bwana mdogo, hebu soma hapa juu ya hii mia mbili. Pameandikwaje?"

"Mara ulizosikilizwa."

"Haya. Na safu ya pembeni?"

"Wasikilizaji."

"Wangapi?"

Kasuku alisoma, akanyamaza, jambo ambalo Kinanda hakuwahi kuliona tangu amjue.

"Mara ni mara, na watu ni watu," Kinanda alisema. "Mteja mmoja akija kwenu kuchonga funguo kumi, mtasema mmepata wateja kumi? Hapa kuna mtu mmoja, kasikiliza mara mia mbili na kumi na nne. Sasa tujiulize, ni mwehu gani huyo ambaye..." Akamtazama Kasuku usoni, na kicheko kikamfia mdomoni. "Ah. Pole, mdogo wangu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kasuku alitafuta namna ya kumweleza mama yake kwamba ule umati aliouletewa jikoni ulikuwa yeye tu, mwanawe, na spika zake za masikioni. Hakuipata. Mpaka leo hajamweleza.

Lakini toka siku hiyo aliacha kuihesabu ile namba kubwa akawa anaitazama ile ndogo. Moja. Wiki ya msiba alikuwa ameiweka programu ya muziki kwenye simu ya baba yake, akamfungulia akaunti yake mwenyewe, akamwelekeza: bonyeza hapa anaanza, bonyeza tena ananyamaza. Mzee aliipokea simu bila neno, akaitia mfuko wa shati. Mama simu yake ni ya vitufe, haichezi kitu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: siku baba akiusikiliza wimbo, hata mara moja tu, moja itakuwa mbili. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Kasuku aliuvuta ule ukurasa kwa kidole ujipange upya. Moja. Kesho yake, moja. Mwezi ukaandama, ukaisha. Moja.

Na alikuwa na sababu ya kushuku. Siku Kitasa alipoleta wimbo wake nyumbani, mzee alikuwa anapiga tupa ufunguo wa mteja, hata hakuinua kichwa.

"Baba, sikiliza basi. Dakika tatu tu."

"Nitausikiliza siku utakayokumbuka ufunguo."

"Basi hutausikia milele!" Kitasa alijibu, na nyumba nzima ikacheka, mzee akiwa wa kwanza.

Ulikuwa utani. Sasa Kasuku aliugeuza kichwani kila siku, na kila akiugeuza ulipungua utani ukazidi uchungu. Alimwona baba yake akila, akifanya kazi, akisinzia kwenye benchi, na alijiuliza mtu anawezaje kuwa na sauti ya mwanawe mfukoni mwa shati asiiguse. Tena mzee alikuwa ameanza vituko. Mteja akifika dirishani akisema "Hodi, fundi," mzee aliyekaa hatua moja tu kutoka hapo alijibu, "Nakuja."

"Unakuja wapi, baba?" Kasuku alimtania mwanzoni. "Ukija zaidi ya hapo utampanda mteja mabegani."

Mzee hakucheka. Kasuku akaacha kutania, na hatimaye akaacha kumsemesha kabisa ila kwa "shikamoo" na "nipe bisibisi."

Mama aliona. "Una nini na baba yako?"

"Hajamsikiliza dada. Hata mara moja."

"Nani kakwambia? Baba yako anamsikiliza."

"Mama, namba zinakataa."

"Namba hazilali chumba kimoja na baba yako. Mimi ndiye ninayelala naye."

"Namba hazidanganyi."

"Wala mimi sijasema zinadanganya," mama alisema, akarudi kwenye mchele wake. "Nimesema hazimjui."

Hasira ya Kasuku ilipasuka mchana mmoja wa jua kali, mashine ya kuchongea ikinguruma na vumbi la shaba likitua juu ya mikono ya mzee kama unga. Pale juu, ule utepe mwekundu ulikuwa umepauka. Kasuku aliutazama, akamtazama baba yake, na ulimi wake ambao haukuwahi kuwa na breki ukakosa hata usukani.

"Baba, unajua wewe na mji huu mmefanana? Nyote mmemsusa dada."

Mzee aliizima mashine.

"Umesemaje?"

"Tazama." Kasuku akaisogeza simu karibu na miwani ya mzee. "Hii ni hesabu ya watu waliousikiliza wimbo wa dada mjini humu. Ona. Mmoja."

"Huyu mmoja ni nani?"

"Ni mimi."

"Na mimi niko wapi hapo?"

"Hupo."

"Simo?" mzee aliuliza, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi yake mwenyewe akaambiwa hakuhudhuria.

"Hupo, baba. Tangu tumzike, hata siku moja."

"Hicho kidude chako kimeharibika."

"Hakijaharibika! Wewe ndiye uliyesema hutausikiliza mpaka akumbuke ufunguo. Sasa atakumbukaje? Atatoka wapi aje aukumbuke?"

Mzee alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine, akatoa simu mfuko wa shati. Ilikuwa imefungwa kitambaa laini, kile anachofungia vitasa vya bei. Akaifungua, akabonyeza palepale alipofundishwa.

Ko, ko, ko. "Hodi! Baba, nifungulie, nimesahau ufunguo tena."

"Nakuja," mzee alisema kwa sauti ya chini.

Gitaa likalia nyuzi mbili tatu. Kidole cha mzee kikabonyeza, na karakana ikanyamaza.

Kasuku alikuwa amesahau kwamba wimbo ule unaanza na hodi. Yeye aliusikiliza mzima mzima, na hodi kwake ilikuwa mlango tu wa kupitia kwenda kwenye wimbo. Kwa baba yake, mlango ndio uliokuwa nyumba.

"Asubuhi kabla sijafungua karakana," mzee alisema, "na jioni nikishafunga. Na katikati, kukiwa hakuna mtu. Halafu unaniambia simo."

Kasuku aliuvuta ukurasa. Moja. Akangoja, akauvuta tena. Moja. Akampigia Kinanda, akatoka nje kidogo, akilipa dirisha mgongo.

"Sekunde thelathini," Kinanda alisema. "Usipozivuka, huhesabiwi. Ni kama mtu aliyechungulia dukani akapita zake, mwenye duka hawezi kumwandika mteja. Ndiyo maana nilimwambia Kitasa aitoe ile hodi. Watu hawana subira, wataruka kabla hujaanza kuimba. Akanicheka. Akasema, 'Huyo ninayemwimbia ataisubiri.'"

Kasuku alirudi ndani akiwa mdogo kuliko alivyotoka. Aliketi kwenye benchi, bega kwa bega na baba yake.

"Nisamehe, baba. Hakijaharibika, ila hakihesabu mpaka uupite mwanzo. Ukiuacha uendelee kidogo tu, utakuwemo."

"Nikiuacha uendelee, anafanya nini?"

"Anaimba."

"Anaimba nini?"

Hapo ndipo Kasuku alipoelewa kwamba mzee hajui. Wimbo ulikuwa mfukoni mwake miezi yote, umegusana na kifua chake, na hakuwahi kusikia hata neno moja la kuimbwa.

"Usikie mwenyewe," alisema.

Mzee aliinua kidole. Kikakaa hewani juu ya kioo, kidole kilichozoea kuingiza tupa kwenye ufa mwembamba kuliko unywele. Akabonyeza. Ko, ko, ko. Hodi. "Nakuja." Gitaa. Na kabla sauti haijaingia, kidole kikashuka chenyewe.

"Siwezi," alisema. "Nilimwambia siku atakapokumbuka. Bado hajakumbuka." Akatazama msumari. "Niambie wewe. Wewe si kasuku?"

Kwa mara ya kwanza jina lile halikuwa kejeli. Kasuku alisafisha koo. Hakuthubutu kuimba. Dada yake alikuwa akisema sauti yake ni bawaba isiyotiwa mafuta. Aliyasema tu maneno, polepole, akitazama vumbi la shaba miguuni.

"Anasema: *Milango yote mjini inafunguka kwa kazi ya mkono wake. Mimi nautaka mkono wenyewe.*"

Mzee aliitazama mikono yake.

"Halafu anasema: *Msinicheke, sijasahau. Nauacha msumarini. Nikiubeba ufunguo wangu, nani ataniambia 'nakuja'?*"

Yalikuwepo na mengine, beti mbili na kiitikio, lakini Kasuku alikomea hapo. Mzee alivua miwani. Aliitazama kana kwamba kasoro iko kwenye kioo, akaifuta kwa kile kitambaa cha vitasa, akaivaa, akaivua tena.

"Kumbe hakusahau," alisema. Akarudia, kwa sauti ambayo Kasuku hakuwahi kuisikia kwake. "Kumbe hakusahau hata siku moja."

Simu ya Kasuku ilikuwa benchini katikati yao, ukurasa uko wazi. Mzee aliinyooshea kidevu.

"Bado ni moja?"

"Bado."

"Iache ibaki. Mimi hodi yake inanitosha."

Kivuli kikaziba dirisha. Mteja, mwanamke mwenye kitasa kibovu ndani ya mfuko wa plastiki, aligonga fremu kwa kidole. "Hodi, fundi?"

Mzee alifungua mdomo, na neno likamkwama. Akajaribu tena, mkono ukashika ukingo wa meza ya mashine.

"Nakuja," Kasuku akaitika badala yake, akainuka, ingawa mteja alikuwa hatua moja tu kutoka hapo.