Lipu ya Romani

Niligonga bimu, ule mhimili wa zege uliokatiza dari, kwa sarafu, ikalia kama debe tupu. Nikahamisha mkono, nikagonga tena, nikiomba masikio yangu ndiyo yawe mabovu. Kote ilikuwa sauti ile ile.

Juu yake ilikuwepo ghorofa ambayo Romani aliiongeza bila kumuuliza mtu, hapa hapa Temeke. Chini yake kilikuwepo kitanda cha mama yake, Bibi Yuliana, aliyepooza miguu. Wiki iliyopita mimi, injinia Tupokigwe ninayejifanya sikosei, niliibandikia bimu hiyo, iliyokuwa imepasuka, vitambaa vya nyuzi za kaboni. Vitambaa hivyo hubeba mzigo, mradi vishikane na zege lenyewe; vikiachana nalo, ukigonga husikika uwazi. Nikaamuru mirunda iliyoiegemeza iondolewe na bibi arudishwe chumbani.

"Romani, uliifanya nini hii bimu baada ya mimi kuikwangua?"

"Uliiacha na makovu, sista." Alikuwa anatabasamu. "Mie fundi lipu miaka ishirini, nikuache ubandike kwenye mashimo? Nikaipiga lipu yote."

Nilitaka kumtukana. Lakini asubuhi ile ya kubandika niliipapasa lipu hiyo mwenyewe, nikadhani ni ule mchanganyiko wa gundi niliomwachia azibe mashimo, nikamsifu. Sikugonga. Kugonga ni dakika mbili tu, na mimi nilikuwa nawahi saiti ya Boko. Nilijichukia.

"Mtoe mama. Sasa hivi."

"Bimu imenyooka hivi? Si wewe uliyesema hata lori lipite juu?"

Hakuniamini, na kosa halikuwa lake. Nikapanda stuli, nikachomeka patasi kwenye ncha ya kitambaa, nikavuta. Kilibanduka chote, urefu wa chumba kizima, lipu ikiwa imeng'ang'ania mgongoni mwake. Gundi yangu haikuachia hata chembe; lipu ndiyo iliyoachana na zege. Nyuma yake ufa ulikuwa umepanuka, kidole changu kikaingia.

Romani aliutazama ufa, uso ukamsawajika. Akamshika mama yake mabegani, nami nikashika miguu. Vumbi la lipu lilikuwa limemjaa bibi usoni.

"Mnanipeleka wapi tena?" aliuliza. "Nani alisema pamepona?"

Bimu ikalia, safari hii bila kugongwa na mtu.

"Ni mimi, bibi," nilimjibu, tukakimbia naye.