Kasha Lenye Namba Mbili

Mimi simuuzii mtu kamera nisiyoikagua, hata ingekuwa ya mama yangu mzazi. Ndiyo maana asubuhi ile Mjomba aliponiletea yake, akaiweka kwenye meza yangu ya ufundi na kusema, "Hii ya kwangu usijisumbue kuikagua, mpwa wangu, we sema tu ni safi," nilimvutia kiti, nikachukua tochi.

Mjomba amepiga picha za harusi tangu sijazaliwa, na studio yake imepakana na karakana yangu. Sasa binti yake alikuwa amejifungua katika nchi ya mbali, mjukuu wa kwanza, na nauli ya kwenda kumwona ilikuwa imo ndani ya kamera ile. Mnunuzi tuliyempata alikuwa mkusanyaji wa kamera za zamani, tena mtu wa masharti: kila kipande kiwe kile kile kamera ilichotoka nacho kiwandani. Alikuwa aje mchana. Akikuta kasoro, huyo anaondoka bila hata kunywa maji.

Nikamulika lenzi: hakuna ukungu. Nikafyatua kwa mwendo wa polepole nikisikiliza, na mlio ukawa mtamu hadi nikarudia kwa raha zangu tu. Vichwa vya skrubu havikuwa na mkwaruzo, maana yake hakuna fundi wa kubahatisha aliyetia bisibisi humo. Mjomba alinitazama kama mtu anayesubiri kuombwa radhi. Kisha nikafungua kasha la filamu.

Kasha hilo hupachikwa nyuma ya kamera, na lina sehemu mbili: ganda la nje, na kiini cha ndani kinachobeba filamu. Kiwandani viwili hivyo hulinganishwa na kugongwa namba moja, kwani ukivichanganya na vya kasha jingine picha zaweza kuanza kubanana kwenye filamu. Ganda la Mjomba lilisema 417. Kiini kikasema 682.

"Mjomba, kiini hiki si chako."

"Si changu kivipi? Kasha hili halijawahi kulala nje ya nyumba yangu!"

"Na picha zako hazijawahi kubanana?"

Akajikuna kidevu. "Zinabanana miaka nenda miaka rudi. Mimi nikadhani ni ubovu wa filamu za siku hizi."

Mwingine mwenye kamera kama ile ni mmoja tu, na mtaa mzima unamjua: Mama Flashi, mwenye studio ng'ambo ya barabara. Yeye na Mjomba hawasalimiani tangu harusi moja ya zamani, ambapo Mjomba aliitwa na upande wa bwana harusi na Mama Flashi na upande wa bibi harusi. Kila mmoja alirudi na picha moja kali, akaikuza, akaitundika dirishani. Na kila mmoja, alipoona dirisha la mwenzake, alipandwa na hasira: pale ndipo niliposimama mimi, kaniiga, kasimama begani kwangu akaiba picha yangu!

Ya Mjomba ni bibi harusi amecheka mpaka shela limeteleza. Ni picha nzuri, siwezi kuikana. Kasoro yake ni moja, kisogo cha mwanamume fulani kilichojitokeza pembeni. "Laiti bwege huyu angesogea kidogo," Mjomba huwaambia wateja, na husema hivyo kwa uchungu wa kweli.

Nilipomwambia tuvuke barabara, aligoma. "Kwa yule? Bora mnunuzi asije."

"Sawa," nikamwambia, maana na mimi nina hasira zangu. "Mjukuu utambusu kwenye simu."

Akainuka.

Mama Flashi alitupokea mlangoni, mikono kifuani. "Makubwa! Leo umepotea njia?"

Mjomba akatazama dari. Nikaeleza mimi. Mama huyo akasikiliza, akaingia ndani, akarudi na kasha lake, akalifungua mbele yetu. Ganda 682. Kiini 417.

"Kumbe ndiyo maana picha zangu zinabanana!" akasema.

"Ile stoo ya ukumbini," Mjomba akasema polepole, bado anaongea na dari. "Tulibadilishia filamu kwenye meza moja."

"Watu wakapiga kelele, bibi harusi anatoka..."

"Kila mtu akanyakua chake, filamu zilizopigwa zikiwa bado ndani."

"Chake!" nikasema. "Na filamu zilizokuwa ndani ya viini, nani aliondoka na ya nani?"

Mama Flashi alitoka, akavuka barabara, akasimama mbele ya dirisha la Mjomba, nasi tukamfuata mbio. Akaitazama picha ile kwa karibu, pua nusura iguse kioo.

"Hebu geuka," akamwambia Mjomba.

"Nigeuke kwa nini?"

"Geuka, utazame kule!"

Mjomba akageuka. Mama Flashi akanyoosha kidole kwenye picha, kisha kwenye shingo ya Mjomba: mikunjo ile ile, sikio moja limechomoza kuliko jenzake. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mjomba hakuamini, hadi nilipompiga kisogo picha kwa simu nikamwonyesha. Akakipapasa kwa mkono kama mtu aliyepoteza miwani.

"Bwege ni mimi?"

"Ni wewe! Ulinizibia picha yangu, nikakuvumilia."

"Kwa hiyo hii uliipiga wewe."

"Mimi. Na ile ya kule kwangu..." Sauti yake ikashuka. "Baba wa bibi harusi anajifuta machozi kwa tai. Kila mteja anayeingia namwambia sijawahi kupiga picha nzuri kama hiyo. Na wala sikuipiga."

"Mimi nawaambia hivyo hivyo kuhusu hii," Mjomba akasema. Wakatazamana, wakaangua kicheko, na mimi nilifurahi kiasi kwamba nilitamani kumkumbatia mpita njia.

Mnunuzi alikuja, akakuta viini vimeshabadilishwa. Akachungulia kila namba kwa kioo chake cha kukuzia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akalipa, akaondoka na kamera. Nauli ilikuwa imepatikana. Lakini Mjomba alibaki ameketi kwenye kiti changu, mikono mapajani, anaitazama ilivyo mitupu.

"Nimepiga picha watoto wa mtaa huu wote," akasema. "Huyu wangu nitampiga na nini?"

Mama Flashi, aliyekuwa amebaki kumkodolea macho mnunuzi, akatoka bila kuaga. Nikadhani amechoka nasi.

Akarudi na kamera yake shingoni.

"Nimeshatia filamu," akasema. "Mtoto umpige karibu na dirisha, asubuhi, na usinirudishie picha za mapazia."

"Mama Flashi, hii ndiyo kazi yako. Utafanyia nini harusi za mwezi huu?"

"Nina nyingine mbovumbovu, mpwa wako atanitengenezea. Inama."

Mjomba akainama. Mama Flashi akamvisha mkanda shingoni, akaunyoosha usijikunje. Machozi yalikuwa yanamtoka Mjomba waziwazi, na hata mimi sikumtania.