Mji kwa Jumla

Mjukuu wangu ni mpiga picha, na mimi humwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi na hakuona haya kuonyesha. Safari hii alinichukua nimshikie begi. Ndivyo alivyosema. Ukweli ni kwamba mama yake alimkataza kusafiri peke yake, naye akachagua mlinzi asiyeweza kumkimbiza.

Mchapaji wa kalenda ndiye aliyempa kazi, yake ya kwanza: apige picha za mji ule, za karibu karibu kwa ajili ya miezi, na moja ya jumla ya kuweka jaladani. Za karibu hazikumsumbua. Alipiga komeo la mlango lililosuguliwa na viganja vya watu hadi likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Alipiga ngazi za mawe zilizobonyea katikati, na vidole vya fundi cherehani vikitunga uzi. Alipiga paka aliyelala kwenye mizani ya muuza vitunguu, na muuza vitunguu mwenyewe akiwapimia wateja kwa macho ili asimwamshe. Mimi napita mahali sioni kitu, yeye anapiga magoti. Nikichungulia kwenye kamera, nakuta uzuri umekaa pale pale nilipotaka kutema mate. Nikaanza kuupenda mji ule kama mtu aliyeposwa uzeeni.

Ya jumla ndiyo ilikuwa haipatikani. Kila tuliposimama palikuwa na ukuta, waya, au tangazo la sabuni. Siku ya kuondoka, asubuhi, mchapaji akapiga simu. "Binti, mpaka saa sita sijaona picha ya jumla, kazi nampa mwingine. Kazi yote, na hizo za karibu sizitaki."

Mke mwenzangu akaketi ukingoni mwa barabara, kamera mapajani.

"Hiyo ya jumla ndiyo ipi hasa?" nikamuuliza. Mimi nimeuza dukani maisha yangu yote. Jumla ninayoijua ni ya katoni.

"Mji wote kwa pamoja, bibi. Kutoka juu."

Nikainua macho. Mbele yetu palikuwa na jengo la maduka, refu kuliko yote, na mlangoni askari mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Jana yake mwenzangu alimwomba apande kupiga picha, akafukuzwa kama kuku.

"Leo naomba mimi," nikasema. "Wewe ifunike kamera kwa mtandio, na mdomo pia."

"Shikamoo bibi," askari akasema. "Mnakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tunataka ya jumla."

"Jumla ghorofa ya tisa. Rejareja ni hapa chini."

"Ya rejareja tunayo tayari, ahsante."

Sikusema uongo hata neno moja. Ndani ya lifti mwenzangu aliuma mtandio asicheke.

Ghorofa ya tisa tukamkuta muuza vifungo, mzee mwenye upara, amekaa mbele ya ukuta wa maboksi.

"Hatuuzi chini ya katoni," akasema kabla ya salamu.

"Hatununui, baba. Nyuma ya maboksi kuna nini?"

"Dirisha."

"Na nyuma ya dirisha?"

Akafikiri. "Majengo."

Nikamweleza shida ya mtoto, na saa sita ya mchapaji. Akatikisa kichwa. "Bibi, haya yamepangwa kwa rangi. Kuyapanga upya ni kazi ya wiki."

"Nitakupangia mimi."

"Unaona vizuri?"

"Sioni. Ila nitakupangia kwa moyo mmoja."

Akacheka bila kupenda, na mwanamume akishacheka umemmaliza. Akavua koti, akaanza kushusha. Nikageuka kumwita mwenzangu, namkuta amepiga magoti mbele ya trei ya vifungo, anapiga picha. Nikamshika masikio yote mawili, nikamwelekeza dirishani.

Mji wote ulikuwa umelala pale chini. Mapaa yenye kutu na mapaa mapya, nguo zimeanikwa juu yake, reli imepita katikati kama zipu ya gauni, na jua linamulika kila dirisha kwa zamu. Nikatafuta komeo letu, fundi wetu, paka wetu. Sikuona hata kimoja, lakini nilijua vyote vimo humo, na nikajisikia tajiri.

"Ile pale shule yangu," muuza vifungo akasema taratibu. "Kumbe wameipaka rangi."

Mwenzangu akapiga, akapiga tena, akamtumia mchapaji moja kwa simu. Simu ikalia, akasoma kwa sauti: "Hii ndiyo ya jaladani. Njoo tuandikiane mkataba."

Mwenzangu akaketi juu ya boksi lililokuwa karibu.

"Mwanangu," muuza vifungo akasema, "hivyo ni vya shati. Kalia vya koti, ndivyo vigumu."