Sauti ya Nyuma ya Pazia

Majirani walimwita Redio tangu utotoni, na wala hawakuwa wanamsifu. Mama yake, fundi cherehani, alimlea chini ya meza ya kukatia vitambaa, mtoto akawa anashindana kelele na cherehani. Wateja waliokuja kupunguza sketi walisubiri mpaka wimbo uishe. Shuleni aliimba, harusini aliimba, na alipofikisha miaka kumi na tisa akapokelewa na kikundi cha maigizo.

Akapokelewa, ndiyo, ila nyuma ya pazia. Kila mchezo nyota alikuwa mke wa mwongozaji, Bibie, mwenye umbo la malkia na sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Utaratibu ulikuwa huu: Bibie akidondosha leso, Redio anaimba, Bibie anachezesha midomo. Kwa miaka mitatu watu walimpongeza Bibie kwa sauti yake tamu, naye akazipokea pongezi bila hata kupepesa macho. Redio roho ilimuuma, lakini nyumbani alijigamba kwamba ana nafasi kubwa. Sasa mama amekuja kujionea mwenyewe. Yuko safu ya tatu, na binti kwa aibu hajui atamwambia nini.

Katika onyesho la mwisho Bibie alitakiwa kuimba wimbo wa kuaga, kisha afe. Tatizo ni kwamba Bibie alipenda kufa kuliko kitu kingine chochote, maana akifa anapigiwa makofi. Siku hiyo uhondo ukamzidi, akafa kabla ya wimbo. Leso ikamponyoka. Redio, ambaye kutoka pale alipojificha aliona leso tu, akaanza kuimba.

Ukumbi ukapigwa na butwaa. Marehemu anaimba!

"Nyamaza, utatuaibisha!" mwongozaji akamnong'oneza Redio kwa ukali.

"Huyo ni mwanangu!" mama akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake. "Sauti hiyo nimeilea mimi! Mbona mmemficha?"

Machozi yakamlenga Redio. Akinyamaza, atabaki na kazi yake; akiendelea, ataipoteza. Akasukuma pazia, akatoka na kandambili zake miguuni, wimbo haujakatika.

Maiti ikainua kichwa. "Nani kakuruhusu, wewe?"

"Lala huko, umeshakufa!" ukumbi mzima ukamzomea.

Bibie akalala. Redio akasimama kando yake, akamtafuta mama kwa macho, akamwimbia ubeti uliobaki.